Breki za Pikapu ya Baba

Kanye, 11 Julai 1993

Mjomba Ntesang,

Shikamoo. Natumaini uko salama huko mgodini na kifua hakikusumbui. Baridi ya huku mwaka huu haina adabu, maji ya kuku yanaganda kwenye sufuria mpaka nayavunja kwa mwiko. Mama hajambo, anakusalimia, na anasema ukija usivae lile koti lililochanika kwapani maana unamtia aibu kwa wakwe zake. Bibi naye ni mzima kabisa. Bado anaendesha mkokoteni wake wa punda mwenyewe, na bado anawatukana punda kwa majina ya majirani. Mikate yangu inauzika. Shida ni kwamba punda wa Bibi wakifika Ranaka, mikate imepoa na watu wameshakunywa chai yao.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu tumzike Baba, pikapu yake imekaa pale pale kando ya tanuri. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Injini haina neno, naiwasha kila Jumapili. Ubaya uko kwenye breki za mbele, zilikuwa zinapiga kelele za chuma kwa chuma mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Baba mwenyewe alisema isitoke mpaka zibadilishwe, kisha akaugua.

Juzi Baba Mdogo Gaolathe alikuja, akaizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu, akasema yeye atamlipa fundi. Mama akashukuru. Mimi sikushukuru, Mjomba. Atakayemlipa fundi ndiye atakayesimama kwenye kikao cha familia baada ya Krismasi na kusema gari ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyelifufua. Wiki inayofuata litakuwa linabebea ng'ombe wake maji huko malishoni, nami nitarudi kwa punda. Nikiwa na pikapu ile naweza kufika Ranaka, Lotlhakane na Moshupa mikate ikiwa bado inatoa moshi. Nimeshapiga hesabu ya njia zote kichwani, usiku silali kwa raha.

Nataka nizibadilishe mwenyewe, hapa hapa uani. Wewe umefunga breki za magari ya mgodi tangu sijazaliwa. Nifundishe.

Mpwa wako mbishi,
Kelebonye


Carletonville, 2 Agosti 1993

Kelebonye,

Nimepata barua yako na nimecheka peke yangu hadi wenzangu chumbani wakauliza kama nimeongezwa mshahara. Mimi ni mzima. Kifua ni kile kile, tuache habari zake. Mwambie dada yangu koti nimelishona.

Jibu langu ni hapana. Mkate ukikuharibikia unawapa kuku. Breki zikikuharibikia unakuta umeegesha sebuleni kwa watu, kwenye ule mteremko wenu. Usiguse kitu. Kuhusu Krismasi, tutaona. Siwezi kuahidi, likizo za huku hazina uhakika.

Msalimie Bibi. Mwambie kuna punda mmoja ampe jina langu.

Mjomba wako,
Ntesang


Kanye, 20 Agosti 1993

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wote wazima, mvua hakuna, Bibi amekubali, na punda uliyepewa ni yule mvivu.

Nimegusa.

Usitupe barua, soma kwanza! Nilizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, nikaweka ubao chini ya jeki ili isizame kwenye mchanga, nikalegeza nati gurudumu likiwa bado chini. Hilo nilimwona Baba akifanya mara nyingi. Nati moja iligoma hadi nikasimama juu ya spana na kurukaruka, Bibi akishika kiuno changu na kuniimbia wimbo wa harusi. Ilipolegea tulipiga vigelegele sote wawili, jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mjomba, nilikuwa sijui kuwa ndani ya gurudumu mna kitu kinachoeleweka! Nimeona lile sahani la chuma linalozunguka, nimeona vile vipande viwili vinavyolibana, na ule mkono mzito unaovikumbatia. Nimekitoa kipande kimoja, cha ndani, nimekifunga kwenye gazeti pamoja na barua hii. Cha nje ni kinene kuliko hiki. Nilirudisha gurudumu nikaliacha gari palepale, wala sijaliendesha. Nina akili kidogo.

Mama anajua. Amenishonea suruali ya turubai. Niambie nini kinafuata.

Kelebonye


Carletonville, 19 Septemba 1993

Mpwa wangu,

Nawasalimu nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nahangaika na vitu vyako.

Kile ulichonitumia si pedi ya breki tena. Ni bati tupu, sehemu yake ya kusuguana iliisha zamani, na kama ungetoka na gari lile hadi Lotlhakane lingeishia kulisaga sahani lote. Nimeizungusha karakana nzima nikiwaonyesha watu. "Nani kakitoa hiki?" "Mpwa wangu, mwoka mikate." Hawakuamini. Nikawaonyesha ile barua ya kurukaruka juu ya spana, wakaamini.

Uliposema cha nje ni kinene ulinipa ugonjwa wote bila kujua. Ule mkono unaokumbatia pedi tunauita kalipa. Unatakiwa kuteleza kwenye pini zake mbili. Pini zikiganda kwa kutu na vumbi, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na kufa mapema. Ukibadilisha pedi bila kuzisafisha hizo pini, utakuwa umemvisha mgonjwa shati jipya.

Basi sikiliza, maana nimeona hutanisikia nikikataza.

Ookeditse, mtu wa huko Kanye ninayefanya naye kazi hapa mgodini, anakuja nyumbani likizo. Nimempa sanduku. Mna stendi mbili nilizochomelea mwenyewe. Gari likishainuliwa, likalie stendi, na usiiamini jeki hata kwa dakika ya kupiga chafya. Mna jiliwa dogo la kubania, brashi ya waya, mafuta ya breki, kikopo cha grisi, pedi nne, na ile spana yangu ndefu yenye kipimo. Hiyo ikifika kwenye nguvu inayotakiwa inatoa mlio, tak. Ukisikia tak, acha. Usiongeze kwa hasira.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili uache mzima uwe mwalimu wako, kila ukisahau kitu kilikaaje nenda ukautazame. Kalipa ukiitoa usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ifunge kwa waya. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, kisha rudisha pistoni, kile kichuma cha mviringo kinachosukuma pedi, ndani ya kalipa kwa jiliwa, polepole, kama unavyosukuma unga. Mafuta yale yanakula rangi ya gari, yakimwagika yaoshe. Pini zisugue zing'ae, zipake grisi. Ukimaliza yote, kabla hujawasha injini, kanyaga pedali hadi iwe ngumu. Mafundi wazima wamesahau hilo moja na kuingia ukutani na gari la mkuu wa mgodi.

Sina zaidi. Ukikwama, nisumbue.

Ntesang


Kanye, 24 Oktoba 1993

Mjomba mpendwa,

Shikamoo kubwa kuliko zote! Sanduku limefika, limechelewa kwa sababu Ookeditse alipitia kwanza Jwaneng kwa mtu ambaye mke wake hamjui, na sanduku likakaa huko likila nyama. Mama mzima. Ookeditse naye ni mzima kwa sasa, mke wake bado hajajua.

Nimefanya, Mjomba! Mikono yangu hii! Pini moja ilitoka kwa urahisi, ya pili niliigonga na kuibembeleza mpaka jasho likaniingia machoni. Nilizisugua zikang'aa, nikaona sura yangu. Pistoni ilirudi polepole kama unga, ulivyosema. Nilikimbia upande wa pili kumuuliza "mwalimu" mara nyingi hadi Bibi akaniuliza nimepoteza nini. Na ile spana yako! Ilipolia tak mara ya kwanza niliruka, nikadhani nimevunja kitu. Ya pili nikacheka. Baada ya hapo kila nati nilikuwa naisubiri kwa hamu, Bibi naye anapokea, "Tak!", na Mama jikoni anapokea, "Tak!" Sijawahi kuwa na siku tamu hivi tangu Baba aondoke. Nililia kidogo nikiwa nimeegemea gurudumu, kwa furaha, usihofu.

Nilikanyaga pedali kabla ya kuwasha. Ikawa ngumu.

Nina swali dogo. Si la haraka. Tuseme kuna mtu, si mimi, na wala si lazima awe mtu wa huku, ambaye ana mkokoteni, na maisha yake yote gurudumu la mkokoteni likipiga kelele hulipaka mafuta ya ng'ombe linanyamaza. Tuseme mtu huyo ana upendo mwingi, na akaona fundi ameenda kisimani kuchota maji ya kunawa, na akaona grisi kwenye pini, akafikiri fundi amekuwa mchoyo wa mafuta. Tuseme akaongeza. Pande zote mbili. Kwenye pedi na kwenye sahani, kwa ukarimu.

Je, gari hilo litasimama?

Nauliza tu.

Kelebonye


Carletonville, 9 Novemba 1993

Kelebonye,

Salamu kwa wote.

Halitasimama.

Pedi zikishalowa mafuta hazifai tena, hata uzioshe kwa machozi. Zitupe mbali, Bibi asizione akazihurumia. Sahani zioshe kwa sabuni na maji ya moto, zikaushe, kisha zifute kwa spiriti na kitambaa safi hadi kitambaa kitoke cheupe. Pedi nyingine nimempa dereva wa basi la Lobatse, zifuate kituoni. Mafuta yanakaa kwenye pini tu, na kidogo mgongoni mwa pedi inapogusa chuma. Usoni pa pedi hata jasho la kidole sitaki. Mweleze Bibi kwa heshima kwamba mkokoteni tunautaka uteleze, na breki tunazitaka zikatae kuteleza. Asikasirike. Nilimwambia hivyo hivyo mhandisi wetu mwaka jana.

Pedi mpya ukizifunga, usianze na mteremko. Nenda barabara tambarare, kimbia kidogo, kanyaga taratibu, achia, rudia tena na tena hadi pedi na sahani zizoeane.

Natumaini ua wa Gaolathe umerekebishwa na mbuzi wote wamepatikana.

Ntesang


Kanye, 25 Novemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wameanza kulima.

Pedi nimezipata, nimezifunga, na zinashika. Zinashika, Mjomba! Nimezizoesha kwenye barabara ya tambarare hadi watoto wa shule wakadhani nimechanganyikiwa, nakimbia nasimama, nakimbia nasimama. Bibi alipanda nyuma safari ya mwisho, akashuka akasema punda wake hawajawahi kumsikiliza hivyo.

Nilikuwa niandike kurasa nne za furaha. Lakini nimesoma tena barua yako.

Nani kakwambia habari za mbuzi?

Mimi sikukuandikia kwamba gari liliingia kwenye ua wa miiba wa Baba Mdogo likatokea zizini. Sikukuandikia kwamba nilikanyaga kwa miguu yote miwili na halikujali, wala kwamba mbuzi walikutwa wengine hadi kanisani. Nilikuficha kwa sababu niliona haya. Ua niliujenga upya kwa mikono yangu na Bibi akaja kuomba radhi kwa mwanawe, huku akicheka, jambo ambalo halikusaidia.

Nikamuuliza Mama. Mama akafunika sufuria, akasema Baba Mdogo amekuwa akikuandikia tangu Julai. Tangu Julai! Anakuomba umuunge mkono kwenye kikao. Mjomba, wewe ndiye kaka wa Mama. Wanaume wakishindwa kukubaliana juu ya jambo la mtoto wa dada yako, wanakugeukia wewe, na utakavyosema ndivyo inavyokuwa. Miezi yote hii unanifundisha kusugua pini huku mkono mwingine umeshika barua zake, na hukuniambia hata mara moja. Umemjibu nini?

Nimekasirika. Pia nakushukuru kwa pedi. Yote mawili ni ya kweli.

Kelebonye


Carletonville, 10 Desemba 1993

Mpwa,

Nawasalimu.

Nilichomjibu Gaolathe ni hiki: sisemi juu ya gari ambalo sijalipanda. Nisingekwambia kitu kingine hata ungeniuliza Julai. Ungejua kwamba mimi ndiye nitakayeamua, ungefunga breki za kunifurahisha mimi. Nilitaka ufunge breki za kusimamisha gari.

Nimepata likizo. Tarehe ishirini na nne nitashuka Lobatse na mizigo. Watu wengi watapokewa kwa magari mazuri. Njoo unichukue. Njoo peke yako, bila Bibi na mafuta yake.

Ntesang


Kanye, 9 Januari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na chumba chenu hakijaingia mvua. Mama anasema umesahau koti. Hakusikitika. Bibi anakusalimia, ameanza kusema "nilipofunga breki" mbele ya wageni.

Sasa nisikilize, maana uliondoka kwa haraka na nina maneno yamenikaa kooni.

Niliosha pikapu ile usiku wa kuamkia siku ile kana kwamba naipeleka kanisani. Nilifika Lobatse mapema mno. Ulipotoka kwenye lile basi na magodoro yako mawili, nilitamani uniulize kitu, chochote. Wewe ukapiga teke gurudumu la mbele, ukapanda, ukasema "Haya." Nilikuwa nimejipanga, Mjomba! Nilijua mahali nitakapokuonyesha breki za ghafla, nilijua kona ya kukuonyesha kwamba haivuti upande. Nilikuwa nikueleze hali ya pini kila nilipozikagua. Na wewe? Tulikuwa bado hatujauacha mji vizuri, ukalala. Ulilala! Mdomo wazi! Ulikoroma milima yote, ulikoroma ule mteremko mkali wenye malori, ulikoroma hadi mlangoni kwetu, Mama akaja kukugonga kwenye kioo. Miezi sita nimesubiri unione nikiendesha, na hukuona kitu. Nilimimina chai yako nikiwa na machozi, nikasingizia moshi.

Kisha kikao. Sisi tuko jikoni tunaponda nyama ya seswaa, nyinyi mko ndani, sauti ya Baba Mdogo ndiyo tunayoisikia peke yake, mbuzi, ua, mtoto wa kike, mbuzi tena. Halafu Bibi anacheka. Halafu Baba Mdogo anatoka, ananiwekea karatasi za gari mkononi, anachukua mkate mmoja mezani na kwenda zake. Nilipiga kelele hadi nikaangusha mwiko kwenye sufuria. Nilikukimbilia, ukasema "Kuleni, kuleni," na kesho yake ukaondoka.

Nafika Moshupa sasa kabla ya chai. Watu wanaisikia injini na kutoka na vikapu. Jumatatu hii Baba Mdogo mwenyewe amenunua mikate miwili na kulalamika kwamba ina moto mno.

Lakini kila ninayemuuliza ulisema nini kwenye kikao kile, anatabasamu na kuniambia nikuulize wewe. Nakuuliza.

Kelebonye


Carletonville, 23 Januari 1994

Mpwa wangu Kelebonye,

Nimefika salama, mvua imeingia kidogo tu, kitandani kwa mwenzangu. Mwambie dada yangu koti lile alitunze vizuri maana nitalirudia.

Gaolathe alizungumza vizuri, usimdharau. Alisema breki zilizofungwa na mwoka mikate kwa kusoma barua ni balaa, leo ni mbuzi, kesho ni watoto wa watu. Wazee walitikisa vichwa, hata mimi kichwa changu kilitaka kutikisika. Kisha wakanigeukia.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa niwaeleze pistoni na pini na spana inayolia tak. Niliposimama yote yakanitoka. Nikasema, "Amenichukua Lobatse. Nililala njia nzima." Nikakaa.

Wanaume wale wananijua. Kwenye basi la mgodi sikai, nasimama nyuma ya dereva nikitazama mguu wake, miaka yote, mpaka amenizoea. Gaolathe aliwahi kunipakia mara moja kwenye gari lake jipya, nikashuka njiani nikamalizia kwa miguu, na alikuwa hajanisamehe. Nikamwona anakumbuka. Ndipo Bibi yako, mama yake, akacheka, akasema, "Mpeni mtoto karatasi zake, nyama inapoa."

Na kwa hasira yako ya chai, nakujibu. Sikujifanya kulala. Nilipanda nikiwa nimeukazia macho mguu wako wa kulia na mkono wangu uko tayari kwenye breki ya mkono. Ng'ombe wakakatiza pale mjini, unawakumbuka? Wewe pengine huwakumbuki. Ulikanyaga huku unaniuliza habari za safari, gari likasimama taratibu, magodoro hayakusogea, ukaendelea kuongea. Nikauondoa mkono. Nikajiambia nifumbe macho kidogo tu, nipumzishe kichwa.

Nilipoyafumbua, dada yangu alikuwa anagonga kioo.

Mjomba wako,
Ntesang